Dawa ya Jirani: Uchambuzi wa Kisa cha Oiwa

Mwanamke mzazi, ambaye nguvu bado hazijamrudia, ameletewa unga wa dawa kutoka kwa jirani. Anaufungua, anaumimina kiganjani polepole asidondoshe hata chembe, anaumeza kwa maji, kisha anainama kuelekea upande ilipo nyumba hiyo na kuwashukuru wenyewe kwa wema wao. Ukumbi mzima unajua kuwa ile ni sumu. Asiyejua ni yeye tu. Muda si mrefu uso wake utaanza kuwaka na kuvimba, na kutoka kwenye uvimbe huo atazuka kiumbe ambaye Japani nzima inamtambua kwa jina moja: Oiwa.

Nimeanzia hapo kusudi. Wengi wanaomtaja Oiwa huanzia mwishoni, kwenye jicho lililoporomoka, nywele zilizonyofoka na taa ya karatasi yenye uso wa mtu. Huko mwishoni zimwi limekwisha kamilika, na msomaji hana la kufanya ila kuogopa. Mimi nataka kujua lilitengenezwa na nani na kwa vifaa gani. Hadithi hii ina wauaji wa kujaza chumba. Ilikuwaje sura tuliyokabidhiwa tuiogope ikawa ya aliyeuawa?

Ratiba ya siku mbili

Tamthilia inaitwa Tokaido Yotsuya Kaidan, yaani hadithi ya mizuka ya mtaa wa Yotsuya. Mwandishi wake ni Tsuruya Nanboku wa Nne, aliyezaliwa mwaka 1755, na ilipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1825 katika ukumbi wa Nakamura-za jijini Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Ilikuwa kiangazi. Kumbi za kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, zilipenda kuonyesha habari za mizuka wakati wa joto, watu wapate cha kuwasisimua mwili.

Kuna jambo hapa ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki hulipita, nami naliona ndilo ufunguo wa kila kitu. Tamthilia hii haikuonyeshwa peke yake. Ilisukwa pamoja na nyingine iliyokuwa maarufu tayari, Kanadehon Chushingura ya mwaka 1748, sehemu za hii zikipishana na sehemu za ile kwa siku mbili. Chushingura inatokana na tukio la kweli: masamurai 47 waliobaki bila bwana baada ya bwana wao kulazimishwa kujiua mwaka 1701, wakajifanya wamesahau, wakangoja, na mwanzoni mwa 1703 wakaivamia nyumba ya adui wake na kumkata kichwa. Serikali iliwaamuru wajiue. Makaburi yao yako kwenye hekalu la Sengakuji mjini Tokyo na watu huenda kufukiza ubani hapo hadi leo. Ukitaka kumweleza Mjapani maana ya uaminifu, taja hao.

Kwa hiyo mtazamaji wa 1825 aliona visasi viwili katika onyesho moja. Nanboku aliviunganisha hata kwa wahusika. Iemon, mume wa Oiwa, alikuwa samurai wa bwana yuleyule ambaye wale 47 wanamlipia kisasi. Jirani mtuma sumu, Ito Kihei, ni mtumishi wa adui. Wenzake Iemon wanajiandaa kufa kwa ajili ya bwana wao. Yeye anahangaikia nafasi ya kazi upande wa pili.

Kisa chenyewe

Oiwa alikuwa amekwisha mwacha Iemon kabla hadithi haijaanza. Baba yake, Samon, alimrudisha nyumbani baada ya kugundua kuwa mkwe wake aliiba fedha za bwana. Iemon anamwendea mzee kumwomba mkewe, anakataliwa, anamvizia njiani na kumuua. Usiku huohuo na mahali palepale, mtu mwingine aitwaye Naosuke anamuua mwanamume anayemdhania kuwa ni mume wa Osode, mdogo wake Oiwa, kwa sababu anamtaka Osode. Madada wawili wanazikuta maiti. Wauaji wao wamesimama pembeni, wanajifanya wametokea sasa hivi, wanasikitika, na wanaahidi: kaeni nasi, tutawatafuta waliofanya haya na kulipa kisasi.

Oiwa anarudi kwa Iemon kwa ahadi hiyo. Naomba hili likae akilini, maana nitalirudia. Amerudi kwa deni la damu ya baba yake, na mdaiwa ndiye anayemwahidi kumsaidia kudai.

Wanaishi kwa dhiki. Iemon anatengeneza miavuli ya karatasi apate riziki, mtoto mchanga analia, mke mgonjwa, na mume anakereka na vyote viwili. Nyumba ya jirani ni ya Ito Kihei, tajiri, na mjukuu wake Oume amempenda Iemon. Iemon ni mzuri wa sura. Kabuki ina aina yake maalumu ya mhusika kama huyu, mwovu mtanashati, na mwigizaji wa kwanza wa nafasi hiyo alikuwa Ichikawa Danjuro wa Saba, nyota mkubwa wa zama zake. Uzuri huo haumtoki hata tone katika tamthilia nzima. Anaua, anaiba, anauza hadi nguo za mgonjwa, na uso wake unabaki vilevile.

Ito anatuma ile dawa akisema inasaidia wazazi. Lengo si kumuua Oiwa. Lengo ni kumharibu uso ili mumewe amchukie. Hesabu hii inatisha kuliko mzuka wowote, kwani wanaoipanga hawaoni haja ya kumwondoa mke duniani; wanajua kwamba akishachukiza kumtazama, mengine yatafanyika yenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa. Iemon anaalikwa upande wa pili, anaonyeshwa dhahabu, anaelezwa kuhusu sumu, anaahidiwa kuombewa kazi kwa adui wa bwana wake. Anakubali.

Akirudi nyumbani anaanza kubomoa. Anachukua nguo za Oiwa akaziweke rehani. Hazitoshi. Anang'oa chandarua. Oiwa anakishikilia kwa sababu mtoto ataliwa na mbu, mume anavuta kwa nguvu, na kucha za Oiwa zinabaki kwenye chandarua. Nimesoma na kutazama hadithi nyingi za kutisha na bado sijakutana na kitu kinachonikaa rohoni kama chandarua hicho. Hakuna uchawi ndani yake. Ni ugomvi wa nyumbani tu.

Kisha anampa kazi Takuetsu, mkandaji wa viungo: amshike Oiwa kwa nguvu au kwa hila, ili mume apate kisingizio cha uzinzi. Takuetsu anajaribu, anashindwa kwa woga na aibu, na mwisho anatoboa siri. Anamletea kioo. Oiwa, ambaye hadi sasa hajui uso wake umekuwaje, anautazama kwa mara ya kwanza.

Anaamua kwenda kwa akina Ito kuwapa "shukrani" zake. Anakufa kabla ya kuvuka kizingiti: katika purukushani ya Takuetsu kumzuia, shingo yake inakutana na upanga uliokuwa umechomekwa kwenye nguzo. Iemon anaporudi na kumkuta maiti, anamuua pia mtumishi wao Kohei, anazipigilia maiti mbili kwa misumari kwenye pande mbili za ubao wa mlango na kuzitupa mtoni, ili ionekane ni wazinzi walioadhibiwa. Sheria za Edo zilimruhusu mume aliyemfumania mkewe kuwaua wote wawili. Iemon anaijua sheria yake vizuri.

Yanayofuata ni ya haraka. Usiku huohuo bibi harusi analetwa, Iemon anamfunua, anaona uso wa Oiwa ukimcheka, anafyeka. Kichwa kinachoanguka ni cha Oume. Anakimbilia kwa babu mtu, anamwona Kohei, anafyeka tena. Ubao unaelea mfereji baada ya mfereji na kumfuata. Panya wanajaa kila mahali, kwa kuwa Oiwa alizaliwa mwaka wa panya. Iemon anamalizia siku zake amejificha milimani akiweweseka.

Uso unaotengenezwa mbele ya watu

Turudi kidogo kwenye kioo, maana tamthilia yenyewe inakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida.

Oiwa hatoki nyumbani hovyo. Ni mke wa samurai. Hata akiwa na hasira ya kuua, hawezi kwenda kwa watu bila kujitengeneza. Kwa hiyo anaomba vifaa vya kuyapaka meno rangi nyeusi, urembo wa wanawake walioolewa wakati ule, na kitana alichoachiwa na mama yake. Mkono unatetemeka, rangi inapita mipaka ya mdomo, na mdomo unaonekana umepasuka hadi mashavuni. Anachana nywele, nazo zinatoka mafungu kwa mafungu. Paji la uso linabaki tupu na jekundu. Anaukamata mshiko wa nywele zilizong'oka, anaukamua, damu inachuruzika. Yote hayo yanafanyika taratibu, kwa wimbo wa kuvuta, mbele ya macho ya watu.

Kila alama ya zimwi hapa ni alama ya heshima iliyoharibika. Mdomo mweusi mkubwa ni meno ya mke aliyeolewa. Upara wa kutisha umeletwa na kitana cha mama. Nguo zimempwaya kwa kuwa zilizofaa zimewekwa rehani. Hakuna kilichotoka kuzimu. Ukitaka kuorodhesha vifaa vilivyotumika kumtengeneza, utaandika unga wa dawa, kitana, wino wa meno na kioo, vitu vya mezani kwa mwanamke yeyote wa zama zile. Zimwi ni mwanamke anayejaribu kujiweka sawa baada ya wengine kumharibu, na jitihada yenyewe ndiyo inayommaliza. Hapo Nanboku alijua anachofanya. Simdai chochote.

Ninayemdai ni mtazamaji, mimi nikiwemo. Mandhari hii inatutaka tumhurumie na kumkimbia kwa wakati mmoja, na kumkimbia ni rahisi zaidi. Ukitoka ukumbini kinachobaki ni paji la uso. Chandarua unakisahau.

Halafu kuna nani aliyeuvaa uso huo. Wanawake walipigwa marufuku kupanda jukwaa la kabuki mwaka 1629, na tangu hapo nafasi zote za kike zikawa za wanaume. Oiwa wa kwanza alikuwa Onoe Kikugoro wa Tatu, bingwa wa kuigiza mizuka, na aliigiza pia nafasi ya Kohei: ubao unapogeuzwa na maiti ya pili kuonekana, ni mtu yuleyule aliyebadilika kwa kasi ya ajabu. Watu walilipa kuona ufundi huo. Basi mwanamke wa kutisha kuliko wote nchini aliandikwa na mwanamume na kuvaliwa na mwanamume. Sisemi kwamba mwanamume hawezi kumwandika mwanamke. Nimekwisha sema Nanboku aliijua kazi yake. Nasema tu kwamba katika mnyororo mzima, kuanzia unga wa dawa hadi rangi ya mwigizaji, uso wa Oiwa haukuwahi kuwa mikononi mwa Oiwa. Wala tusidanganyane kuwa ni wanaume peke yao. Dawa ililetwa na yaya wa Oume, na yote yalianza kwa matamanio ya msichana. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nyingine ni za kike.

Hesabu ya maiti

Nilikaa siku moja kuwahesabu. Iemon anamuua baba mkwe, anamuua Kohei, anamkata Oume, anamkata Kihei, na baadaye anamsukuma majini mama yake Oume. Naosuke anamuua mtu asiye sahihi kwa kudhania ni mpinzani wake, na uongo wake unamfikisha Osode kaburini. Oiwa akiwa hai hajamgusa mtu.

Akiwa mzimu, ndiyo, anaua. Anamwangamiza mama yake Iemon, na anamnyonga Chobei, rafiki wa Iemon aliyeshiriki katika unyama wa nyumba ile. Lazima niyaandike haya kwa sababu wako watetezi wake wanaomfanya malaika, na kumfanya malaika ni njia nyingine ya kutomsikiliza. Ana hasira kweli. Ana haki ya kuwa nayo na anaitumia.

Lakini tazama mauaji ya usiku wa harusi. Wengi husema "Oiwa alimuua bibi harusi." Upanga ulikuwa wa Iemon, mkono wa Iemon. Mzuka alichofanya ni kujionyesha mbele ya mtu ambaye jibu lake kwa mwanamke anayemsumbua ni kufyeka. Iemon aliua kwa tabia yake mwenyewe.

Na Iemon anakufaje? Hapa ndipo watu hushangaa wakiambiwa. Hauawi na Oiwa. Anauawa na upanga wa Yomoshichi, mume wa Osode, yule ambaye Naosuke alidhani amemuua, tena katika theluji, kama samurai anavyouawa kwenye visasi vya heshima. Kazi yote ya kumchosha, kumtia wazimu na kumtoa mafichoni ameifanya mwanamke aliyekufa. Pigo la mwisho, lile ambalo jina lake ni haki, limepewa mwanamume aliye hai.

Wivu, au deni?

Sasa nirudi kwenye lile nililoomba likae akilini. Maelezo mafupi ya hadithi hii, yale yanayowekwa nyuma ya kaseti na kwenye vipeperushi, humwita Oiwa mke mwenye wivu. Mume kapata mwingine, mke kafa kwa uchungu, karudi kulipiza. Ni neno jepesi, na lina historia. Jukwaa la Noh, lililotangulia kabuki kwa karne kadhaa, lina kinyago kiitwacho hannya, chenye pembe na meno, kinachovaliwa na wahusika wa kike walioliwa na wivu na kinyongo hadi wakageuka mashetani. Mtu aliyezoea kinyago hicho akimwona mwanamke mwenye hasira, jibu analo tayari.

Ila maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Oiwa hamgombei Iemon. Hamtaki sana, alimwacha mara moja na angebaki amemwacha kama baba yake asingeuawa. Alirudi kwa mkataba wa kisasi. Anapokufa ana madai matatu: baba yake hajalipiwa, yeye mwenyewe ameharibiwa kwa makusudi, na mtoto wake anaachwa mikononi mwa mtu asiyemtaka. Wivu hauonekani kwenye orodha. Oume kwake ni mmoja wa walaghai, si mshindani.

Weka hayo kando ya ratiba ya siku mbili. Masamurai 47 wana deni la damu. Wanavumilia fedheha, wanasubiri, wanaua, wanaitwa waaminifu. Oiwa ana deni la damu. Anavumilia fedheha, anasubiri, anaua, anaitwa mzuka. Wote waliruka mipaka ya sheria. Wote walikufa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na panga na kiongozi, na yeye njia pekee aliyoachiwa ilikuwa kumtegemea mume, na mume ndiye muuaji. Hakuwa na namna ya kulipa akiwa hai. Mzuka ni upanga wa asiyeruhusiwa upanga. Ukumbi wa Nakamura-za ulionyesha hadithi moja mara mbili, ya kiume na ya kike, na watu wakaondoka na neno tofauti kwa kila moja.

Iko pia mifano ya kale ndani ya Japani hiyohiyo. Mizimu yenye kinyongo iliyotikisa taifa katika karne za mwanzo ilikuwa mingi ya wanaume. Sugawara no Michizane, msomi na mwanasiasa, alisingiziwa, akapelekwa uhamishoni, akafa mwaka 903. Maadui zake wakaanza kufa, na mwaka 930 radi ikapiga jumba la kifalme. Watu wakasema ni yeye. Walifanya nini? Walimrudishia vyeo, wakamjengea hekalu la Kitano mjini Kyoto, wakamfanya Tenjin, mungu wa elimu, ambaye wanafunzi humwomba wakikaribia mitihani. Hakuna anayemchora Michizane akiwa na jicho lililoporomoka. Hasira ya waziri ilisomwa kama taarifa ya kisiasa: dola imemkosea mtu, dola itengeneze. Hasira ya mke wa samurai maskini ilisomwa kama ugonjwa wa nyumbani.

Wakati wa kuandika haya nilihangaika na neno. Nimwite Oiwa mzuka, mzimu, zimwi au pepo? Kisha nikakumbuka kizuka, neno ambalo kamusi zetu hulipa maana mbili: kiumbe cha kutisha kinachotokea ghafla, na mwanamke aliyefiwa na mumewe anayekaa eda. Lugha yetu wenyewe imemweka mjane na zimwi nyumba moja. Sina hakika nani alimtangulia mwenzake humo ndani, ila siwezi kuinyooshea Edo kidole nikiwa nimeketi juu ya neno hilo.

Na uzazi nao haumo kwa bahati. Oiwa ni mzazi. Katika onyesho la mafichoni mlimani anatokea akiwa na mtoto mkononi, sehemu ya chini ya mwili imelowa damu, kwa umbo la ubume, mzuka wa mwanamke aliyefia kwenye uzazi. Watu wa Malesia wana langsuir, wa India wana churel, nao ni wanawake waliokufa wakizaa au wakiwa wajawazito wakarudi kuwatesa walio hai. Jamii zisizojuana zimefikia wazo moja: kifo kilichokuwa cha kawaida kwa wanawake kabla ya tiba za kisasa ndicho kikageuzwa chanzo cha mazimwi. Mwanamke anakufa akitoa uhai, na walio hai wanafunga milango asirudi.

Uso unasafiri peke yake

Karibu mwaka 1831 mchoraji Hokusai, yuleyule wa picha ya wimbi kubwa, alimchora Oiwa kama taa ya karatasi iliyochanika, macho makubwa yakitazama juu kwa huzuni. Ni picha nzuri mno. Pia ni picha isiyo na Iemon. Haina chandarua, haina jirani, haina unga. Huo ndio mwanzo wa safari ya uso kutembea bila kisa chake.

Sinema zikaipokea kazi hiyo tangu miaka ya 1910, na matoleo yake yamepita 30. Toleo la Nakagawa Nobuo la mwaka 1959 ndilo linalosifiwa zaidi, na kwa haki, kwani linampa Iemon nafasi ya kuwa chanzo cha jinamizi lake mwenyewe. Kisha mwaka 1998 ikaja sinema ya Ringu, na mzuka wake, Sadako, akatoka kisimani na kupita ndani ya televisheni, nguo nyeupe, nywele zimefunika uso, jicho moja tu likionekana. Nywele zile na jicho lile tumeshaviona. Sadako naye aliuawa, akasukumwa kisimani na mtu aliyepaswa kumlinda. Ukiuliza watu kumi waliotazama sinema hiyo, wangapi wanakumbuka uso wa aliyemsukuma?

Nimesikia pia hoja ya upande wa pili, na siibezi: kwamba uzimwi ni ushindi. Oiwa hai hana nguvu, Oiwa mfu anaogopwa na kila mtu, kwa hiyo hadithi za namna hii ziliwapa wanawake mahali pa kukasirika. Ninaikubali nusu. Naamini kulikuwa na wanawake katika ukumbi wa 1825 waliofurahi moyoni kichwa cha Kihei kilipoanguka. Lakini ni ushindi wenye masharti. Sharti la kwanza ni kufa. La pili ni kutopendeza tena. La tatu ni kuacha pigo la mwisho kwa shemeji.

Oiwa mwingine

Jina halikubuniwa. Palikuwa na familia ya Tamiya huko Yotsuya, na mapokeo ya hekalu la Tamiya Inari, lililopo bado katika mtaa wa Samon wilayani Shinjuku, yanasema Oiwa wa familia hiyo aliishi miaka ya 1600, karne mbili hivi kabla ya Nanboku. Alipatana na mumewe. Nyumba yao ilipokuwa na upungufu alifanya kazi na kumcha mungu Inari hadi hali ikanyooka, na majirani wakaanza kwenda kuomba pale alipoomba yeye. Kulikuwa pia na simulizi za mtaani, za kabla ya tamthilia, za binti wa Tamiya aliyeharibiwa sura na ndui, akatapeliwa na mume aliyeoa kwa ajili ya cheo, akatoka mbio mitaani na asionekane tena. Nanboku alichukua jina, mtaa na tetesi. Mke mwema wa hekaluni aliachwa nje, labda kwa sababu hana anachoweza kumfanyia mtazamaji usiku wa joto.

Kaburi linalosemwa kuwa lake liko kwenye hekalu la Myogyoji, eneo la Sugamo. Waigizaji wa kabuki na watu wa sinema huenda kulizuru, au huenda Yotsuya, kabla ya kuanza kazi yoyote inayomhusu. Wasipokwenda, inasemekana taa zitaanguka, watu wataumia, macho yatavimba. Mwanamume atakayeuvaa uso ule anafika na ubani, anainama kama Oiwa alivyoinama kuelekea kwa jirani, anaomba radhi kwa yale atakayomfanya jioni, kisha anarudi ukumbini kupakwa rangi.